Amri Niliyompa Baba

Nyumba ya baba yangu niliiandika namba mimi mwenyewe, kwa rangi nyekundu, kwenye ubao ulio juu ya mlango wa mbele. Mwenzangu wa kazi alikuwa ameshachovya brashi na kupiga hatua, baba akamzuia kwa mkono. "Nyumba hii ina afisa wake," akasema. "Afisa wake aje." Watu waliokuwa wakitufuata nyumba kwa nyumba wakacheka, na mimi nikacheka kuliko wote. Nilivimba kichwa, sifichi. Sijui kama nimewahi kujiona mtu wa maana kuliko dakika ile, nimesimama juu ya kigoda cha mama yangu, rangi inanitiririka hadi kwenye kiwiko.

Hiyo ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, katika bonde lililo nje kidogo ya Mbale, mahali mto unaposhuka kutoka mlimani na kuanza kutulia. Mto wenyewe sitautaja jina. Katika haya ninayoyasimulia wapo wenye makosa makubwa kuliko mto, na wa kwanza wao ni mimi.

Nilikuwa karani katika ofisi moja iliyopewa kazi ya kupanga ziwa. Ndivyo tulivyoliita sisi wenyewe, ziwa, kwa sababu ofisi ilikuwa Jinja, na ukisema bwawa Jinja kila mtu anafikiria lile la umeme lililoko pale. La kwetu halikuwa na habari ya umeme. Mto ungezuiwa kwa ukuta pale bonde linapobana, maji ya mvua yajae nyuma yake yasiteremke yote kwa mkupuo mmoja, halafu yaachiliwe kidogo kidogo wakati wa ukame yaende kwenye mashamba ya mpunga ya huko chini. Huko chini nilikwenda mara nyingi na daftari langu. Niliona watu wamehamishia watoto wao juu ya meza wakati wa mafuriko. Niliona mwanamke ameanika mpunga uliolowa mpaka ukaota, anaugeuza kwa mguu huku analia, na anajua fika kwamba hautafaa kitu. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba mpango ule ulikuwa upuuzi. Ulikuwa mpango mzuri, na mpaka leo nitagombana na anayebisha.

Ofisi ilikuwa katika nyumba ya kupanga mtaa wa Kimaka, jirani na wanajeshi, na tarumbeta yao ndiyo iliyokuwa saa yetu. Chumba cha kulia chakula kilitandikwa ramani kubwa mfano wa shuka la kitanda cha watu wawili. Injinia wetu alikuwa ameshachora mstari wa mahali maji yatakapoishia, mimi nikapewa penseli ya buluu nijaze ndani yake. Nilipaka tangu asubuhi. Baada ya chakula cha mchana nikafika kwenye pembe niliyoijua: kijito, msikiti mdogo, njia ya kisimani, nyumba ya baba. Niliangalia kama kuna anayenitazama. Hakuna. Nikapaka.

Baba alikuwa askari jela mstaafu. Alizaliwa bondeni humo, akavaa yunifomu angali kijana, akahamishwa huku na huku mpaka akaletwa Jinja, na Jinja ndiko alikomwona mama. Mama yangu alikuwa Mnubi, mjukuu wa wale askari walioletwa zamani kutoka Sudani, mtoto wa kambi aliyezaliwa na mtoto wa kambi. Ndiyo maana kwetu kilisemwa Kiswahili asubuhi mpaka jioni, wala si kile cha amri na matusi ambacho watu wengi wa Uganda walikisikia vinywani mwa wenye bunduki wakakichukia. Mama alifokea kwa Kiswahili na akabembeleza kwa Kiswahili. Lakini kiwanja hakuwa nacho, wala baba yake, wala babu yake. Nyumba zote alizowahi kulala zilikuwa za serikali. Likija lori la uhamisho unafunga godoro, unapanda. Baba alipostaafu wakaenda bondeni wakajenga nyumba ya matofali mabichi, bati juu, vyumba vitatu na kibaraza nyuma. Siku waliyoingia mama aliketi kibarazani akanyoosha miguu. "Mwanangu," akaniambia, "leo nimeshusha godoro kabisa."

Sasa fikiria kwamba ni mimi niliyekwenda kumwambia kuhusu ziwa.

"Wee!" alisema. "Nikuzae, nikusomeshe, nikaange mandazi mpaka macho yaharibike kwa moshi ili ufike sekondari, halafu uje kunizamisha?"

"Mama, si mimi. Ni mpango wa—"

"Nani aliyepaka hiyo rangi ya maji? Si umesema umepaka wewe?"

Baba alimwacha amalize. Halafu akamwambia taratibu kwamba watu wa chini wanazama kila mwaka, na sisi tunaombwa kuhama mara moja tu. "Mara moja!" mama akasema. "Mimi hizo mara moja zangu nimeshindwa kuzihesabu." Alinuna siku mbili, na mama akinuna hata kuku walijua. Siku ya tatu akaniletea chai. "Haya. Lakini huko tutakakopelekwa nataka kibaraza kikubwa kuliko hiki. Andika kwenye daftari lako, nikuone ukiandika." Niliandika. Hiyo ilikuwa ridhaa yake, na aliitoa kwa ajili ya baba, hakuitoa kwa ajili ya ofisi.

Mkutano ulifanyika kwenye uwanja wa shule. Injinia alisoma karatasi yake kwa Kiingereza, mimi nikaitoa kwa Kiswahili, mwenyekiti wa kijiji akaitia kwa Kimasaba, lugha ya bondeni. Karatasi ilisema hivi: tangu siku nyumba inapopata namba, ndani ya mipaka ya ziwa mtu asijenge. Asitengeneze jengo bovu. Asipande mti wa kudumu, uwe mbuni au mgomba. Asizike, mwenye maiti ampeleke nje ya alama za mpaka. Kila kitu kimeshaandikwa, na atakayeongeza au kubadilisha anaweza kufutwa kwenye orodha ya fidia. Hali itakuwa hiyo mpaka ofisi itakapotoa neno lingine.

Baba alisimama wima, mikono ubavuni. "Nimeelewa, afande," akaniambia mbele ya watu wote. Wakacheka tena. Tangu siku hiyo akawa ananiita afande, kwa utani, lakini mimi nilimjua baba. Miaka yote ile alilinda mageti. Getini, aliwahi kunieleza, hata mtu akija mbio kusema mkuu ameagiza fulani atolewe, hufungui. Unangoja aliyetoa amri aje aifute kwa mdomo wake mwenyewe, au maandishi yenye mkono wake. Ukifungua kwa maneno ya mpita njia, utalala ndani wewe. Basi mimi ndiye niliyetoa amri. Kwa baba, ofisi ya Kimaka ilikuwa maneno tu. Ofisi ilikuwa mimi.

Nami niliifanya kazi hiyo kwa kiherehere, Mungu anisamehe. Kulikuwa na jirani yetu mmoja, mama mtu mzima, mjane, ambaye miezi mitatu baada ya kupewa namba alipanda miche ya kahawa nyuma ya jiko lake. Nilipopita kukagua nikaiona. Ningeweza kujitia sikuiona. Nilimwita, nikamsomea karatasi kwa sauti, na akaing'oa miche yote mbele yangu, mmoja mmoja, akaipanga chini kama vitunguu vya kuuza. Alikuwa ameibeba kichwani kutoka mbali. Mama aliposikia hakunisemesha mpaka nilipoondoka. Baba alisema nilitenda haki.

Nyumba zikaandikwa zote. Tukarudi Jinja kungoja hatua ya pili, na hatua ya pili haikuja. Siku moja ya Ijumaa injinia alituita kwenye chumba cha ramani akasema waliokuwa wanagharimia wameondoka, ziwa limewekwa kando, na jengo linarudishwa kwa mwenyewe mwisho wa mwezi. Alisema hivyo huku akikunja ramani. Mmoja wetu akauliza, "Na watu wa bondeni?" Akajibu kwamba barua rasmi itatoka juu, na mpaka hapo hakuna ruhusa ya mtumishi yeyote kwenda kupayuka. Madaftari yetu yakatiwa kwenye makasha, nikayasindikiza mimi kwa lori hadi ghala moja kule eneo la viwanda Mbale. Nilisaini kwamba yamefika. Kutoka hapo ghalani hadi kwa baba ni mwendo wa baiskeli. Ningefika kabla jua halijachwea, ningekunywa uji wa mama, ningesema maneno matatu.

Nilipanda lori nikarudi Jinja.

Nimejiuliza kwa nini, tena na tena, na majibu ninayo mengi mno. Nilijiambia nangoja barua. Nilijiambia labda wagharamiaji watarudi. Ukweli ni kwamba niliona aibu. Nilimwona yule mjane na miche yake. Niliwaona wote waliocheka nami na wote niliowafokea, wananitazama nikiingia kijijini kwa miguu, bila gari la ofisi, kusema jamani, tulikuwa tunacheza. Na nilimwona baba, ambaye msikitini alikuwa akiniita afande mbele ya wenzake, uso unamshuka. Nikaahirisha. Mwezi, halafu mwezi mwingine.

Kula ni lazima, basi nikaenda Masese, mwaloni kunakofikia mitumbwi, nikaungana na wanawake wanaonunua samaki kwa wavuvi. Sangara, ambaye kule tunamwita mputa, tulimpasua, tukambanika juu ya moto wa kuni, tukamfunga kwenye vikapu kuwapa wachuuzi wanaokwenda mashariki. Hakuna aibu katika kazi ile. Imelisha watoto wa watu wengi. Aibu nililetewa na ulimi wangu. Mchuuzi mmoja alikuwa anapita Mbale kila wiki na alimjua baba. Mara ya kwanza aliniletea salamu: mzee anauliza ofisi inasemaje. Nikiwa nimechuchumaa pale, kisu mkononi, nikamjibu, "Mwambie bado tunangoja barua. Na usimwambie uliniona hapa. Mwambie uliniona mjini." Yule bwana akanitazama kidogo, akafunga kikapu chake, akaenda. Alikuwa mtu muungwana, alifikisha kama nilivyosema.

Katika Idi moja nikaenda nyumbani. Nilivaa gauni langu la ofisi na viatu vya ofisi, nikashika na daftari mkononi, mtu mzima mimi, nikijidanganya na daftari tupu. Kijiji kilikuwa kimechakaa kwa namna ambayo sikuitegemea. Watu wengine walikuwa wamechoka kungoja, wamepanda migomba, wameziba paa. Lakini kwa baba kila kitu kilikuwa vilevile kilivyoandikwa. Bati moja lilikuwa limeinuka pembeni na maji yalikuwa yakiingia kwenye ukuta wa nyuma, ule unaoelekea kibarazani. Mama akanishika mkono kabla hata sijaketi, akanipeleka kuuona. Ufa ulianzia kwenye paa ukashuka hadi karibu na sakafu. Akatia mkono wake ndani, kiganja chote kikaingia.

"Tazama," akasema. "Naishi na huyu. Nikipepeta ulezi hapa nasikia vumbi linaniangukia shingoni."

Baba alikuwa ametufuata. "Mama yako ananisumbua kila kukicha," akasema, lakini kwa upole, kwa sababu ilikuwa Idi. "Watu wa sokoni wanasema ziwa limekufa. Nimewaambia hizo ni habari za sokoni. Sasa wewe umekuja. Ukisema tengeneza, kesho nafyatua matofali."

Yule mjane wa kahawa alikuwa ameketi kibarazani, amekuja kula pilau ya Idi. Alikuwa ananitazama moja kwa moja. Mama ananitazama. Baba ananitazama, amesimama vilevile wima. Neno lilikuwa mdomoni, nalisikia ladha yake mpaka leo. Nikameza.

"Ngojeni kidogo," nikasema. "Barua iko njiani."

"Umesikia?" baba akamwambia mama. "Tungoje."

Mama akageuka kuchukua sahani. Alinipakulia pilau, akanipakulia tena, na nilipoaga akanikumbatia, akanishika uso kwa mikono miwili, akanitazama mpaka nikaangalia pembeni. Nilifika Jinja nikaapa kwamba mwezi ujao nitakwenda kusema. Nilikuwa nasema kweli. Mwezi uliofuata ndio mvua ile kubwa ilipoanza, ile ya mwisho wa miaka ya tisini ambayo kila aliyekuwepo anaikumbuka, barabara zikakatika, nami nikapata sababu nyingine.

Ilinyesha wiki kwa wiki. Halafu ikaja siku moja ya jua, na mama, kama mwanamke yeyote mwenye akili, akatoa ulezi wake wote nje kuupepeta kabla haujaoza. Aliketi kibarazani, mgongo kwenye ukuta. Baba alikuwa kisimani. Anasema alisikia kishindo akafikiri ni mti umeanguka ng'ambo ya mto, akamalizia kujaza ndoo yake. Alimkuta matofali yamemfunika mpaka shingoni na ungo umeruka mbali haujavunjika. Alikuwa ameshakufa.

Mama mdogo, aliyekuwa akiishi Jinja, alipigiwa simu dukani asubuhi yake, akaja mwaloni mwenyewe kunitafuta. Alipotokea kati ya moshi na vikapu, na kitambaa kimemfunguka kichwani, nikajua. Sikuuliza ni nani. Niliuliza, "Ni ukuta?" Akashangaa. "Umejuaje?" akasema.

Nilifika baada ya sala ya adhuhuri. Mama alikuwa ameshaoshwa na kuvishwa sanda, na uani palikuwa na pikapu, nyuma imetandikwa mikeka. Nilidhani ni ya wageni. Kumbe vijana walikuwa tayari wanaliinua jeneza kulipeleka garini. Nikauliza wanampeleka wapi. Makaburini mjini Mbale, wakaniambia, kwa watu asiowajua, kando ya barabara. Nikamwendea baba. Alikuwa na matope mpaka kifuani, yale ya kuchimbua, hakuna aliyethubutu kumwambia akaoge.

"Baba, kwa nini asizikwe hapa? Nyumbani kwake?"

Akanishika bega. Sikilizeni alivyonijibu. Hakunikejeli, laiti angenikejeli. Alikuwa ananifariji.

"Usijali, afande," akasema. "Hapa ni ndani ya alama, hairuhusiwi kuzika, wewe mwenyewe ulitusomea. Hatutakuvunjia amri. Nisingependa upate matatizo kazini kwa ajili yetu."

Niliona pikapu, niliona godoro lake la maisha yote linafungwa mara nyingine, na safari hii ni mimi niliyelifunga. Ningenyamaza angeondoka. Ningesema, wangejua wote kwa nini ule ukuta wa nyumba haukuwa umetengenezwa. Nilitaka mtu mwingine aseme. Nilimtazama sheikh, nilimtazama mwenyekiti wa kijiji, mpaka nikaelewa kwamba katika watu wote waliokuwepo hakuna mwenye neno hilo ila mimi.

"Baba, hakuna amri," nikasema.

"Unasemaje?"

"Hakuna ofisi. Ilifungwa. Ziwa halitajengwa. Mzikeni mama hapa."

Hata waliokuwa wanasoma Kurani wakakatiza. Baba hakuuondoa mkono wake begani pangu. "Imefungwa lini?" akauliza. "Jana? Wiki hii?"

"Kabla ya Idi."

"Idi ipi?"

"Ile niliyokuja."

Ndipo akautoa mkono. Aliutoa polepole, akautazama, akaupangusia kanzu yake. Yule mjane aliyeng'oa kahawa alipiga kofi moja la mikono akasema neno kwa Kimasaba ambalo nalijua na sitaliandika. Halikuwa tusi. Afadhali lingekuwa tusi.

"Mshusheni," baba akawaambia vijana. "Mchimbieni hapo nyuma, penye migomba yake." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. Akachukua jembe, akaanza kuchimba yeye mwenyewe, na walipotaka kumpokea akakataa mpaka udongo ukamfika kiunoni. Mama alizikwa kabla ya alasiri kwisha. Mimi nilikuwa ndani na wanawake, na hakuna aliyekaa karibu nami kwenye mkeka isipokuwa mama mdogo.

Nilibaki pale siku arobaini. Nilipika, nilifua, niliteka maji. Baba alikula nilichopika. Aliitikia salamu. Zaidi ya hapo hakunitamkia neno, na sikumlaumu. Nilitamani anichape, anitukane, anifukuze kwa fimbo mbele ya kijiji kizima, nami ningeona nimepunguziwa. Aliamka, akasali, akakaa akitazama pale penye shimo la ukuta, ambapo sasa kutoka uani uliona kitanda chao mpaka ndani.

Baada ya kisomo cha arobaini, wageni walipokwisha kuondoka, nilimkuta nyuma ya nyumba amevua shati. Alikuwa amechimba udongo, amemwaga maji na majani makavu, anakanyaga tope la kufyatulia matofali. Mtu wa umri wake, peke yake. Nilivua viatu nikaingia upande wa pili, nikakanyaga. Hakunizuia. Tulikanyaga kitambo kirefu hivyo, kila mtu na upande wake.

Halafu akasema, bila kunitazama, "Mama yako aliniambia."

"Alikuambia nini, baba?"

"Siku ile ya Idi, ulipoondoka. Aliniambia, mtoto huyu nimemkumbatia, nywele zake zinanuka samaki. Huyu hana ofisi tena, anatuficha. Tengeneza ukuta, mzee." Akaacha kukanyaga. "Nilimfokea. Tangu nimemwoa sikuwahi kumfokea hivyo. Nilimwambia asikuseme vibaya. Nilimwambia, binti yangu hawezi kunidanganya."

Alichukua ndoo, akaenda kisimani kuongeza maji, na mimi nikaendelea kukanyaga tope.